Siku Ngoma Ilimuita Baba Bulaya

Mama, niliitika. Kwa sauti! Ngoma iliita jina ya baba mu ile sale kubwa ya muziki, na mimi, mwenye unajua wageni wakifika ninajifichaka nyuma yako, nikapiga kelele nyuma ya mulango: "Eee! Tuko hapa!" Watu wote wakageuka.

Ngoja nikusalimie kwanza. Mugongo inaendelea aje? Mvua imeacha nyumba yetu ya kule Mikelenge imesimama? Mimi niko muzima, baridi tu njo inanipiga.

Unajua kazi yangu huku ni kubeba viti na vyombo vya wanamuziki. Siku moja mama muzungu mwenye anatunga miziki alinikuta ninagusa ngoma ya mti, ile ya kuchimbwa tumbo, sawa ya baba. Akauliza, "Kwenu inasema nini?" Nikaona haya. Nikamupigia kitu moja tu yenye ninajua: jina ya baba, ile ngoma inamuitaka nayo. Sikumwambia kama ni jina. Yeye akaandika ku karatasi, akaweka mu muziki yake mupya.

Mama, ile siku ya kucheza ile muziki mbele ya watu! Wanamuziki walijaa sawa soko ya Kasuku, lakini muntu mumoja akainua kijiti, wote kimya. Violo, vile vyombo vya nyuzi, zikaanza polepole sawa muto Lualaba asubuhi: haina kelele, lakini unajua inatembea. Mwisho vyote vikanyamaza, ngoma ikabaki yenyewe. Ikamuita baba. Ikangoja. Ikamuita tena. Na kwetu ngoma ikiita muntu ya nyumba, mumoja wa nyumba anaitika, hata kama ule muntu amekufa. Sana sana kama amekufa. Hakuna mwenye aliitika. Mudomo yangu ikafunguka yenyewe.

Nikajua watanifukuza kazi. Kesho yake yule mama akaniita, magazeti iko mukononi. Moja inasema muziki iko murefu, inachokesha, lakini ile sauti ya mwisho iliwaliza watu. Ingine inasema ile sauti ni ujanja ya mutungaji, ya kutafuta machozi ya bure. Akacheka mupaka akakaa chini.

"Wanafikiri njo mimi nilikutunga wewe! Sasa nikuandike kweli mu muziki, mahali yote wakicheza muntu aitike?"

Hapo nikamwambia jina ni ya nani. Vile wakati ya vita tulimuzika baba mu pori, upande ya Kalima, na baba mudogo akakataza ngoma juu ya maaskari wangetusikia. Vile mupaka leo hakuna mwenye alitangaza kifo yake kwa ngoma. Akaacha kucheka.

"Kuandika, ngoja," nikasema. "Nitauliza mama."

"Mukubwa hivi, unauliza mama?"

"Jina si yangu. Njo ya nyumba."

Basi uliza baba mudogo: muntu mwingine anaweza kumuitikia baba, ao ni sisi tu? Mimi sitakata shauri peke yangu. Na kama nilikosea, anisamehe.

Salimia yaya Furaha, dada yangu mukubwa, ku meza yake ya samaki, na shemeji Ramazani wa ku treni.

Ninaacha hapa, Mama. Leo wanacheza tena, nimesikia wanajaribu violo. Ni lazima nikimbie ku ule mulango mbele ngoma haijaita. Nyumba yetu haina mwingine huku wa kuitika.

Mutoto wako,
Amisi