Sinema za Nyuma ya Ukuta

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu tangu uanze kulipaka ile dawa. Mimi sijambo. Mjukuu wako naye hajambo, shida yake meno tu. Yametoka mawili ya chini, na sasa anatafuna kila kilicho mbele yake, hata kola za mashati ya watu. Baba yake yuko safarini na lori, hii wiki ya tatu. Kila akipiga simu anakusalimu, nami nachelewa kufikisha, unisamehe.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama ni kweli namwachia mtoto mwanamke nisiyemjua ukoo wala alikotoka, na umesema ukija mwezi ujao utamweleza mwenyewe, uso kwa uso. Umenikumbusha na yule fundi cherehani tuliyekaa naye jirani nilipokuwa mdogo. Umeandika kwamba jirani ni mtu wa kukusikiliza tu ukiungua. Mama, maneno hayo nimeyasoma pasi ikiwa mkononi mpaka nikaunguza suruali ya mteja. Ningekupigia simu, lakini tunajuana: ungenikatiza katikati, nami ningefurahi kukatizwa. Ndiyo maana nimeandika. Isome yote kwanza, kukasirika kuje baadaye.

Nikueleze ninavyoishi, maana hujapaona. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, nikinyoosha mkono naugusa. Napiga pasi nguo za dobi wa chini. Nilimwambia furushi aliweke mlangoni, abishe mara moja, aende zake. Nasubiri viatu vyake viishe ngazini ndipo nafungua. Tangu nijifungue, kwa miezi saba, sikumfungulia mtu aliyesimama mlangoni isipokuwa baba wa mtoto, na yeye hunitania kwamba siku moja nitamdai kitambulisho. Mke wa dobi alipanda na bakuli la supu wiki ile ya kwanza. Akabisha, akaita, akasema supu inapoa. Nilikuwa nyuma ya mlango, njaa inaniuma, nimebana pumzi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akashuka nayo. Harufu ikabaki kwenye ngazi mpaka jioni.

Upande wa pili wa ukuta anakaa mama mmoja mtu mzima, mpishi mstaafu wa shule. Masikio yake yamechoka na anapenda sinema kuliko chakula, hivyo televisheni yake inasikika hadi barabarani. Watoto wa jengo wanamwita Bi Redio. Sinema zake ni zile zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mwanzoni nilikereka. Baadaye nikajikuta nimeisogeza meza ya pasi mpaka ukutani. Nilizifuata kwa masikio tu. Nilijua nani mwongo kwa jinsi anavyokohoa, ila sikujua nani mnene nani mwembamba.

Basi siku moja mchana ikawa sinema ya mafuriko. Msichana mdogo kabaki peke yake nyumbani, kajificha kabatini, maji yanapanda. Mwenye mashua anagonga, anamwita atoke, na mtoto kimya. Kule kugonga kulikuwa kwa nguvu hata nikaamini ni mlango wangu. Nikaganda. Mtu wa kwenye sinema aliposema tena ndipo nikajua si kwangu, nikatazama chini. Kiganja changu kilikuwa kimemziba mwanangu mdomo. Alikuwa analia meno yake, mama, nami nimemziba. Macho yamemtoka. Nilipotoa mkono akavuta pumzi, akapiga kelele, na sijapata kushukuru kelele kama zile.

Nilifungua komeo nikatoka hivyo hivyo, mtoto mkononi, kanda mbili moja mguuni. Nikabisha kwa Bi Redio. Kimya. Nikabisha tena. Siku nilipopata moyo wa kumwomba mtu msaada, mtu mwenyewe hasikii! Nikagonga kwa kanda mbili mpaka nusu ya ghorofa wakatoka, wengine na vijiko mkononi, kasoro yeye. Kinyozi wa chumba cha mwisho akasema huyo haitwi hivyo, akaenda kuzima umeme wake kwenye mita. Hapo Bi Redio akatoka mbio akiuliza ni mpumbavu gani amemkatia sinema. Nikasema ni mimi, nikaanza kulia. Alinitazama, akamtazama mtoto, akasema nipite ndani, ila mwenye kuzima na awashe haraka, maana yule msichana bado yuko kabatini.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kujifunza kusaidiwa ni kazi, usione hivi. Siku ya kwanza aliponiambia nimwachie mtoto nikaoge, nilisimama nje ya mlango wake nikisikiliza, sikuoga. Siku ya pili nikaoga, povu likabaki masikioni. Siku ya nne nililala kitini pake saa mbili nzima. Nilipoamka, mtoto alikuwa ameshalishwa, amebadilishwa, anamvuta nywele bibi wa watu. Niliona aibu kama niliyekamatwa naiba usingizi. Alisema kama nataka kumlipa, nimweleze wanachonong'ona wale wa kwenye sinema, kwa sababu wakinong'ona yeye hubaki nje.

Kwa hiyo nikawa masikio yake. Narudia maneno ya watu kwa sauti kubwa: ya baba asiyejua kuomba radhi, ya mfungwa anayeogopa kuachiwa. Huwezi kuyatamka maneno ya mtu namna hiyo kila siku, mama, bila kugundua kuwa na wewe unayo yako. Nililia kwa ajili ya watu ambao hawapo, nikashangaa machozi yalikuwa yamekaa wapi siku zote hizo.

Ile ya mafuriko nilimwomba airudie. Mara mbili nilitoka kabla ya kabati. Mara ya tatu nilibaki, na Bi Redio, ambaye hugombana na kila mtu wa kwenye sinema, akamfokea yule msichana: afungue, mjinga mkubwa, mtu kaja kumwokoa! Nikawaka. Nilimwambia asimwite mjinga, ameambiwa asifungue, ameambiwa akae kimya mpaka asikie sauti ya mama yake, sasa alitaka afanye nini? Bi Redio akazima mwenyewe televisheni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akauliza nani aliyeambiwa hivyo. Nikamwambia. Sasa nakwambia wewe.

Alibisha, mama. Siku ile birika lilipommwagikia mdogo wangu mkononi, fundi aliacha cherehani yake akaja. Alibisha kwa vidole, kisha kwa ngumi. Alituita kwa majina, akasema amekuja na maji baridi, tufungue. Nilikuwa na miaka saba na ulikuwa umenifundisha: hata akikutaja jina, kimya. Nikamlaza mdogo wangu, nikamwekea mto mdomoni asisikike. Fundi alirudi mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa analia yeye.

Jioni daktari alikwambia angewahiwa, vidole visingeshikana. Ukaniuliza kama kuna mtu aliyebisha. Nikaona nikisema ndiyo, ule mkono utakuwa kosa langu. Nikasema hapana. Ukaenda kumtukana mbele ya wateja wake, naye akasema alibisha, mtoto aulizwe. Ukanileta mbele yake ukaniuliza tena. Nilimtazama miguu, nikasema hapana. Hakuna aliyempelekea kitambaa tena. Mwezi haukuisha, akahama.

Sikulaumu. Ulikuwa peke yako, unakwenda kusafisha hospitali kabla hakujapambazuka, na komeo ndilo lilikuwa yaya wetu. Bi Redio aliniambia woga nilipewa, uongo ni wangu. Cha kupewa nikirudishe, changu nikibebe. Basi nakurudishia woga wako, mama, kwa mikono miwili na kwa heshima zote. Mtoto nitaendelea kumwachia Bi Redio. Ukija, karibu sana, kitanda ni chako. Lakini hutamgombeza. Hilo nimekataa.

Mdogo wangu nimeshamwambia. Alikuja Jumapili akakaa hapa. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza kitu kimoja tu: fundi aliita jina la nani kwanza. Nikamwambia lake. Alisema miaka kumi na tisa hii anautazama ule mkono akijua kwamba alilia na hakuna aliyemjali. Kisha akauliza fundi yuko wapi. Mimi sijui. Wewe unajua, kwa sababu uliwahi kuniambia ulipita kwenye kibanda chake kipya, akakusalimu, hukuitikia.

Ndiyo sababu amekuletea barua hii kwa mkono wake badala ya mimi kuituma. Nimemwomba asiseme neno mpaka uimalize. Sasa umeimaliza, na yuko hapo mbele yako. Mwelekeze.

Wasalimie majirani wote, hata wale usiosalimiana nao. Mjukuu wako anakupungia, amejifunza juzi.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mkubwa wako.