Shati Jeupe, Limefumwa

Dar es Salaam, 14 Oktoba 2002

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua kimepoa. Mimi sijambo, ila nimechoka, na safari hii nimechoka kwa kosa langu mwenyewe.

Unajua kazi yangu hapa kwa wakala wa forodha: nafungua maboksi ya nguo zinazoingia bandarini na kuandika kila nguo ilivyo. Ya kiume au ya kike, mpya au mtumba, kitambaa gani, imetengenezwaje. Bosi wangu, Bwana Saturnini, anayachukua maneno yangu na kuyatafutia namba ya ushuru kwenye kitabu kinene. Wiki iliyopita nilipata sweta na mashati katika mzigo mmoja. Kote nikaandika "imefumwa". Sweta si hufumwa? Na kitambaa cha shati si kimefumwa pia? Kumbe kitabuni hayo ni mambo mawili mbalimbali. Bwana Saturnini akayaweka mashati pamoja na sweta, mtu wa forodha akafungua boksi, na mzigo wote umezuiwa. Nimeambiwa niandike upya, na nikikosea tena nitafute kazi nyingine.

Wewe umekaa na vitambaa miaka thelathini. Nieleze nitofautishe vipi.

Mwanao,
Sikuzani

Nachingwea, 21 Oktoba 2002

Mwanangu Sikuzani,

Marahaba. Kifua kinanisumbua asubuhi, mchana kinanisahau. Shangazi yako Zuleha wa Mandawa anakusalimu, anauliza kama huko mjini unakula ugali au unakula karatasi.

Sasa sikiliza. Kosa si lako, ni la neno. Sisi tunasema kufuma kwa yote mawili. Ishike nguo kwa vidole gumba, uivute. Ikivutika na kurudi, huo ni uzi unaojipitia wenyewe vitanzi vitanzi, kama sweta na fulana. Andika "ya vitanzi". Ikikataa, ni nyuzi zinazopishana, moja imelala na nyingine imesimama. Andika hivyo. Kisha chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu. Tetroni, ule uzi wa kiwandani, inajikunja na kuwa kidonge kigumu. Ukipata vyote viwili, kitambaa kimechanganywa.

Niandikie hayo mashati yalivyo nikutungie maelezo. Na mwenye mali ni nani?

Huku korosho zimeanza kununuliwa. Nimechukua majora mawili meupe ya sare. Tangu ada ifutwe, watoto wa Nambambo na Kiegei wamejaa madarasani, na Januari iliyopita nilishona mpaka mguu ukavimba. Silalamiki. Januari ndiyo inayonibeba mpaka mavuno.

Baba yako,
Fundi Kaimu

Dar es Salaam, 30 Oktoba 2002

Baba,

Shikamoo. Pole na mguu. Mimi ni mzima.

Shati ni jeupe, mikono mifupi, kola ngumu, vifungo sita. Mfuko mmoja kushoto, na kwenye kila pembe ya mdomo wake kuna mshono wa pembetatu ndogo. Saizi za watoto. Nimelivuta, limekataa. Uzi umetoa jivu na kidonge.

Mwenye mali ni mfanyabiashara tu. Mizigo ni mingi, baba, siwezi kuwakumbuka wote.

Mwanao,
Sikuzani

Nachingwea, 8 Novemba 2002

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, nimeamka bila kukohoa.

Andika hivi: "Shati la mvulana, jipya, la nyuzi za kupishana, pamba iliyochanganywa na tetroni, mikono mifupi." Usiongeze wala usipunguze.

Hizo pembetatu za mfukoni ni kazi ya mashine. Mkono wa mtu hauwezi kuzirudia sawasawa mara mia. Sijui ni shule gani huko mjini yenye watoto wengi hivyo.

Jora moja nimeshalikata. Nataka Januari inikute nimekaa tayari.

Baba yako,
Fundi Kaimu

Dar es Salaam, 19 Januari 2003

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu mwezi huu bila jibu. Nimemuuliza kondakta wa basi, anasema kiti chako pale sokoni hakina mtu. Kama unaumwa, niambie. Kama umenikasirikia, najua sababu.

Mzigo ulitoka Novemba. Bwana Saturnini alisoma maelezo yako akasema sasa nimekuwa mfanyakazi. Sikumwambia ni ya nani.

Baba, karatasi za mzigo niliziona tangu siku ya kwanza. Mashati yalikuwa yanakwenda Nachingwea. Nilijiambia kwamba nikikuambia hutanisaidia, nitafukuzwa, na mashati yatafika vilevile kwa mkono wa mtu mwingine. Nimeona aibu kila siku tangu hapo.

Mwanao,
Sikuzani

Mandawa, Ruangwa, 16 Februari 2003

Mwanangu Sikuzani,

Marahaba. Siumwi. Niko kwa shangazi yako, tunapanda ufuta. Barua zako zimenifikia zote tatu kwa pamoja, barabara ya kuja huku ilikuwa haipitiki.

Mashati yalitundikwa sokoni wiki ya kwanza ya Januari, vibanda viwili kutoka nilipokaa. Obadia wa Kiegei, ambaye wanawe watano nimewashonea wote, alinisalimia huku anatazama chini, mfuko wa plastiki mkononi. Simlaumu. Nikaenda kutazama. Sikuhitaji kuligusa shati, nililijua kwa maneno yako na yangu. Hata hivyo nilinunua moja, nikalivuta, nikachoma uzi. Maelezo yako hayana kosa.

Imeniuma, na sitakuficha. Si mashati, mashati yangekuja tu. Ungeniambia Oktoba, majora yangerudi dukani mazima. Na maelezo ningekuandikia vilevile. Hilo ndilo ulilokosa kulijua, na wewe ni mwanangu.

Kwenye bahasha andika Mzee Kaimu. Huku hakuna anayenijua kama fundi.

Katika kitambaa nilichokwisha kukata nimekushonea blauzi ya kazini, kondakta atakupa. Ni ya kike, mpya, nyuzi za kupishana, pamba tupu. Mfuko kushoto. Nilijaribu kuziiga zile pembetatu, moja imepinda kidogo.

Baba yako,
Kaimu