Kitoweo cha Machano

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimekuna nazi, nimepika, nimepakua. Samaki leo tasi, mnono. Sinia likenda barazani na vipande vyote vizuri, kwa Haji mume wangu na mafundi seremala wenziwe. Likarudi na miba. Mimi, mavyaa, yaani mama yake Haji, na watoto tukala wali na mchuzi. Ndivyo ilivyo nyumba hii, na kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Sijapata kuuliza.

Machano mwanangu hakula. Alitiwa tonge mdomoni likakaa humo humo. Kutwa yuko juu ya mkeka, hata nzi hawafukuzi. Mtoto wa umri wake angekuwa anakimbia na kuvunja vikombe vya watu. Jirani kapita, kamfinya mashavu: "Mashallah, huyu kanenepa!" Mavyaa kachekelea, maana mwenye kumlisha ni yeye. Unga wa uwanga asubuhi, uwanga jioni. Uji wa uwanga, ati, ndio uji wa mtoto.

Mie sioni unene. Naona mtoto kabadilika tu.

Alkhamisi, 6 Septemba

Nimembonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikambonyeza wa pili. Shimo. Unene gani huu?

Nywele nazo. Kazaliwa nazo nyeusi ti, sasa zina wekundu, na nikimchana zinabaki kwenye kitana. Nikamwonyesha Haji. Kasema ni jua. Jua! Mtoto hatoki ndani, jua limempatia wapi?

Siti, mdogo wake, ananyonya na kucheka. Machano nilimwachisha ziwa nilipojikuta nna mimba ya Siti. Tangu hapo ndio huyu.

Jumamosi, 8 Septemba

Mavyaa leo kalisema. Mbele ya jirani, tena kwa sauti.

"Mtoto huyu kabemendwa."

Maana yake mimi na Haji hatukujizuia wakati Machano ananyonya, tukamharibu kwa uchafu wetu. Na ushahidi upo, Siti huyo hapo mapajani. Uso uliniwaka moto. Mwanamke kaolewa kwa mahari, yuko chumbani mwake na mumewe wa halali, leo anasimangwa uani mbele ya watu! Na Haji? Haji kainama, kavaa makubadhi yake, katoka. Utasema yeye hakuwamo.

Nna hasira mpaka nimeunguza wali. Wakale hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Septemba

Haji kamleta mganga kutoka Kidichi. Kaleta mizizi ya kumwogeshea mtoto na kombe la kunywa. Kombe sina neno nalo, ni maneno ya Mungu yaliyoandikwa kwa zafarani. Lakini kaacha na miiko. Machano asile chenye shombo. Asile yai. Asinywe maziwa. Uji mtupu mpaka dawa iishe. Mavyaa anaitikia "naam, naam", na jicho lake liko kwangu.

Nimeipokea mizizi kwa mikono miwili. Najichukia.

Ijumaa, 14 Septemba

Ngozi ya miguuni imeanza kubambuka. Basi. Siti nikamwachia mavyaa, nikavaa buibui, nikasema nnakwenda kwa mama. Uongo. Nimekwenda hospitali, Machano begani, mzito kwa maji kuliko kwa nyama.

Nesi mtu mzima, hana mchezo. Kamvua nguo, kambonyeza, kauliza anakula nini. Uji wa uwanga, nikasema. Na nini tena? Uji wa uwanga. Kitoweo je? Nikasema anapewa mchuzi.

"Mchuzi si samaki, mwanangu. Kwani nyumbani kwenu samaki hamna?"

Niseme nini? Samaki tele! Haji hakosi kuleta samaki. Nilitamani niwe na njaa ya kusingizia. Nesi kasema uwanga unajaza tumbo, haujengi mwili. Mtoto ametoka kwenye ziwa hakupata cha kushika mahali pake. Samaki aliyepondwa, yai, maziwa, choroko, kunde. Kidogo kidogo, mara kwa mara, hata akitema. Nikamuuliza habari ya kubemendwa. Kamvisha Machano nguo zake, kasema, "Mlishe."

Njia nzima nimelia ndani ya buibui.

Jumatano, 19 Septemba

Nshakuwa mwizi wa samaki jikoni kwangu mwenyewe. Kabla sijapakua namega kipande, natoa miba, naponda na choroko na tui. Nafunika bakuli kwa kawa. Mavyaa akisali ndipo namlisha. Machano anatema, narudisha. Anageuza uso, nageuka naye. Mkono unauma, yeye kachoka, mie nshachoka. Vijiko viwili akimeza ni sikukuu.

Mizizi ya mganga naimwaga chooni.

Jumapili, 23 Septemba

Nimefumaniwa. Mavyaa kasikia harufu kwenye kidole cha mtoto. "Shombo! Umevunja mwiko! Unataka kuniulia mjukuu wangu!" Ukelele mpaka watu wakachungulia ukutani.

Na bahati mbaya Haji alikuwa na wageni. Sinia limekwenda na vipande haba, mgeni mmoja kabaki kuchovya mchuzi. Haji kaingia jikoni, yeye asiyeingia jikoni abadan, kaniambia namvunjia heshima mbele za watu. Nikamjibu bila kufikiri. Nikamwambia heshima yako iko barazani, mwanao yuko jikoni. Katoka. Hajanisemesha tena leo.

Na asinisemeshe.

Ijumaa, 28 Septemba

Nnaogopa.

Uvimbe umetoka. Wote. Machano kabaki mifupa. Mbavu, magoti, uso wa kizee. Mashavu waliyokuwa wanayafinya hayapo tena. Mavyaa kamnyanyua kamwonyesha kila aliyepita uani. "Alikuwa mnene huyu! Mtazameni sasa! Samaki wa mama yake huyo!" Mtu mmoja hakunitetea. Haji kamtazama mwanawe, kasema kuanzia leo mtoto hapewi samaki. Basi. Amri.

Na mie, Mungu anisamehe, sikubisha. Huenda wana haki. Huenda nimemuua kwa mkono wangu, kijiko kwa kijiko.

Jumamosi, 29 Septemba

Sikulala vizuri, nimeamka na hasira badala ya hofu. Afadhali hasira. Nikamwambia Haji tunakwenda hospitali, mie na weye, na akikataa nnakwenda peke yangu mchana kweupe nipite mbele ya baraza lake. Akaja. Nadhani alitaka nesi anigombeze.

Nesi kamshika Machano, kambonyeza mguu. Hapakuwa na shimo. Kacheka!

"Yale yalikuwa maji, baba. Huyu sasa ndiye mwanao."

Haji kauliza, sauti ndogo, "Mifupa hii?" Kajibiwa ndiyo, mifupa hii, na ilikuwemo siku zote ndani ya maji. Sasa ndio kazi inaanza. Alishwe maradufu.

Mbona mara ya kwanza hakuniambia kuwa atakonda? Nimemkasirikia na yeye. Neno moja lingenipunguzia msiba.

Tukashika njia ya kurudi nyumbani Ng'ambo. Tulipofika Darajani Haji kaniambia nisimame. Kaingia marikiti, katoka na mayai ndani ya kikapu cha ukili, anakwenda nayo polepole, mtu mzima na ndevu zake, anaogopa kukwaruzana na watu.

Jumatano, 10 Oktoba

Machano kala yai zima kasema, "Jengine." Neno lake la kwanza kwa siku nyingi. Nikamkumbatia, akanisukuma. Hataki mabusu, anataka yai.

Jioni kasimama kwa kushika mlango. Kaanguka. Kasimama tena.

Lakini msinione nimefurahi tu. Hasira zipo. Sasa nakata kitoweo cha watoto mbele, peupe, kabla ya sinia, na kila siku nasikia maguno. Nduguye Haji kauliza kama samaki wameadimika baharini. Jirani anasema nimemtawala mume. Haji mwenyewe hakatazi, wala hanitetei. Anaona haya kunitetea. Mtoto ni wake pia, nikipiga kelele peke yangu nitakauka koo.

Na mavyaa hanisemeshi kabisa. Tangu tulipotoka hospitali. Anasali, anashona kofia, analala. Samaki wake hamgusi. Nikadhani kanuna. Na anune, nikasema, mie sina nafasi ya kumbembeleza mtu.

Ijumaa, 26 Oktoba

Wanaume wako msikitini. Nilikuwa nachambua choroko. Mavyaa kaingia jikoni kimya, kakaa juu ya mbuzi ya nazi, kalivuta bakuli la Machano mbele yake. Kaanza kutoa miba. Nikangoja maneno. Alikuwa anapapasa mnofu kwa ncha za vidole, maana macho yake hayaoni vizuri.

Kisha kasema, bila kunitazama. Kabla ya Haji alizaa watoto wengine, kwa mume mwengine, huko Tumbatu. Mwanamume na mwanamke. Sikuwa najua. Haji sidhani kama anajua. Wote wawili walivimba miguu, nywele zikageuka, wakazikwa. Wa mwanzo watu walinong'ona. Wa pili walisema wazi kawabemenda wanawe, mumewe akamwacha. Alipoolewa huku na kumzaa Haji, akamnyonyesha mpaka watu wakamcheka, na chumba cha mumewe akakihama. Kwa hofu asije akambemenda na huyu. Miaka yote hii akijua aliwaua mwenyewe.

Kapata mwiba mwembamba, kaufuta kwenye ukingo wa bakuli.

"Huko Tumbatu samaki walikuwa tele," kasema. "Tele, mwanangu. Tulikuwa tunawaanika."

Halafu kaniuliza. "Kwa hivyo kilikuwa kitoweo tu?"

Nikisema ndiyo, namwambia wanawe walikufa na samaki wameanikwa mlangoni. Nikisema siyo, namrudishia mzigo wake. Choroko ziliniponyoka mkononi nikainama kuziokota, moja moja, nisimtazame uso.

Hakuuliza tena. Alikuwa anapapasa mnofu, na Machano amekaa mbele yake, kinywa wazi, anangoja.