Aliyebaki Kwenye Ngazi

Kitendawili, wanangu: kila mtu kamkabidhi mwenzake, na hakuna aliyepokea. Msihangaike kunipa mji, jibu nimelikuta mwenyewe.

Nimerudi kutoka dukani na mkate, nikamkuta Kidoti peke yake kwenye ngazi, begi mgongoni, kiatu cha kulia kakivaa kushoto. Mlango mmefunga! Angepita mtu akamchukua, je? Nikawapigia simu. Baba mtu: "Si yuko na mama yake?" Mama mtu: "Si kaenda na dada yake?" Dada mtu: "Si alipanda gari la baba?" Ala! Mtoto hata kulia halii. Kaniuliza tu, "Bibi, leo mimi ni zamu ya nani?"

Maharagwe yako jikoni, myapashe. Nguo mzianue, mawingu yale si ya mchezo. ~~Msinitafute leo.~~ Nampeleka shule, nitarudi naye mchana.

Sasa hivi, nilipokuwa namvalisha viatu upya, kaniuliza tena. Nimemjibu, "Zamu ni za kuosha vyombo, mama. Wewe ni wetu sote, kila siku."

Bibi yenu