Mjomba wa Plastiki

Jumamosi, 1 Agosti

Leo Nilda kanipeleka kuona Nchi ya Mgodi kabla haijafunguliwa. Katika mji mzima wa Oruro walioingia ni mafundi, na mimi! Nilda ni binti wa marehemu dada yangu Emiliana, na sasa ndiye msimamizi wa sehemu hiyo mpya ya bustani ya michezo ya La Llamita. Zamani pale palikuwa na bembea za kutu na vijiboti vya kukanyaga. Sasa pana mlima.

Mlima ni waya na simenti, umepakwa rangi ya maziwa yaliyoungua. Nimeupiga konzi — unaitika kama debe. Ndani kuna reli, vigari sita vyekundu, popo wa mpira, na madini yanayong'aa kama dirisha la sonara. Nimecheka peke yangu. Madini ya kweli hayang'ai, yananuna. Helmeti wanazogawa ni nyepesi kama ganda la yai. Nikawaambia mafundi kwamba helmeti yangu mimi iliwahi kuangukiwa na jiwe la ukubwa wa kondoo, likapasuka jiwe.

"Na shingo je, mzee?" mmoja akauliza.

"Shingo iliingia mabegani siku tatu, ikatoka yenyewe."

Wameamini.

Ila pale mlangoni ndipo nilipoacha kucheka. Wameweka sanamu ya Mjomba. Mwenyewe wa chini ya ardhi, mwenye madini yote, ambaye bila ruhusa yake hata panya hashuki. Pembe sawa. Macho sawa. Lakini ni plastiki ngumu, ametoka kiwandani Santa Cruz, kule nyanda za chini, kwa watu wa joto — na mdomo wamemfunga! Anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno.

"Nilda, mdomo wake uko wapi?"

"Si huo hapo, anko."

"Hayo ni meno. Sigara ataishika na nini?"

Akacheka. Ni pambo tu, anasema. Pambo! Na huu ni Agosti, mwezi ardhi yenyewe ina njaa, kila nyumba inaimwagia kinywaji na kuichomea sadaka. Wao wanafungua mgodi, mwenyewe kafunga mdomo.

Tukiwa tunatoka akaniambia jambo la maana. Meneja wake, Bwana Barbery, kampa mwezi mmoja. Vigari vikijaa, anapata mkataba wa mwaka. Visipojaa, mlima unapakwa kijani, wanaletwa dainosaria, na Nilda anarudi sokoni kuuza mitumba kwenye upepo. Ana watoto wawili na koo bovu. Nimemwambia asihofu, anko wake yupo.


Alhamisi, 6 Agosti

Sikukuu ya taifa. Ufunguzi. Bendi, bendera, hotuba ya Barbery aliyevaa skafu mbili na bado anatetemeka. "Jamani baridi yenu hii! Mnaishije?" Tunaishi tu.

Watu mia nne kwenye foleni, nimewahesabu kwa macho, labda mia tano. Nikajua Nilda kapona. Mbele alikuwa mama mmoja mnene, sketi zake pana zimejaza njia yote, ana wajukuu watatu. Akafika kwa Mjomba. Akatoa sigara, akaiwasha, akanyoosha mkono kumpa — akakuta meno. Akajaribu upande wa kulia. Akajaribu wa kushoto. Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Nilda kwa huruma.

"Mama, huyu hajafunguliwa bado."

"Tumefungua leo, mama, karibu kigari kile pale!"

"Ee. Asante. Nimekumbuka nimeacha sufuria jikoni."

Akaondoka na wajukuu, mmoja analia. Wa pili akaona. Wa pili naye mtoto wake akaanza kuumwa tumbo. Wa tatu alikuwa na miadi. Hapa kwetu hakuna anayesema "naogopa." Watu wana adabu! Nusu saa tu, foleni yote ilikuwa kwenye vibanda vya ng'ambo, inakunywa api, uji wa moto wa mahindi, na kula maandazi ya jibini, inatazama mlima kwa mbali.

Waliopanda leo: kumi na mmoja. Wanane kati yao ni wageni toka La Paz.

Barbery kasema tatizo ni muziki. Kesho anabadilisha muziki.


Ijumaa, 7 Agosti

Muziki mpya. Waliopanda: watatu, na mmoja alikuwa fundi.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi! Siku ambayo mchimbaji hata akiwa na homa lazima akakae na Mjomba, ampe majani ya koka, sigara na pombe kali kidogo. Ndiyo siku waliyochagua kubadilisha muziki.

Nilda hakulia. Alikuwa anafuta helmeti ambazo hakuna aliyezivaa, moja baada ya nyingine, anazipanga. Bora angelia.

"Nilda, niachie mimi. Nitamfungua mdomo."

Akaweka helmeti chini. "Anko. Hadithi zako nazipenda, unajua. Ila hapa niambie kweli. Ulikuwa mgodini?"

"Miaka kumi na moja."

Akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Barbery. Nimesikia kupitia mlango. Kamwambia anko wake ni mchimba mgodi, anajua desturi zote, na yeye Nilda anamdhamini kwa kazi yake. Kwa kazi yake! Barbery akajibu sawa, toboeni, ila mkiharibu sanamu mnaondoka wote wawili.

Miaka kumi na moja mgodini. Hilo ni kweli tupu. Duka la kampuni lilikuwa ndani ya ua wa mgodi, hatua arobaini toka kwenye mlango wa shimo, nilizipima mwenyewe. Aliyesimama kaunta alipumua vumbi lile lile. Mpishi wa meli si baharia?


Jumanne, 11 Agosti

Nimemtoboa Mjomba leo asubuhi.

Kwanza nikamwomba radhi, nikampa koka magotini. Kisha drili. Vumbi la ile plastiki linawasha hadi sasa, nimeoga mara mbili. Meno mawili ya mbele yaliruka, moja sijaliona mpaka sasa. Sura ikaharibika kabisa — yaani ikapendeza. Akawa kama mtu wa hapa.

Nikawasha sigara, nikamchomeka. Sasa, kiwanda kilimtengeneza mtupu ndani, kama chupa, na pembe zimefungwa kwa skrubu zilizoacha nafasi. Moshi ukapanda. Ukatokea kwenye pembe! Zote mbili! Na sigara ikawa inaungua yenyewe, nyekundu, inashuka, inashuka, kama mtu aliyenyimwa miaka, mpaka kishungi. Majivu hayakudondoka.

Mfagiaji akaacha ufagio. "Mama yangu! Anavuta!"

"Bila shaka anavuta," nikasema. "Nilipiga hesabu ya upepo."

Hadi mchana, akina mama wote wa vibanda vya api walikuwa wamekuja. Saa kumi, dereva wa basi la abiria aliegesha na abiria wake ndani. Waliopanda: mia moja na thelathini.


Ijumaa, 14 Agosti

Foleni mpaka barabarani! Mjomba kafukiwa koka hadi tumboni. Kavishwa tepe za karatasi shingoni, kanyweshwa, kavuta pakiti labda kumi na tano. Watu wanakaa naye kwanza, wanamwambia mambo yao, wanamaliza, wanapanda kigari na sura ya mtu aliyelipa. Hakuna anayejali popo wa mpira. Mzee mmoja aliwaombea wenye kiwanda radhi kwa Mjomba, akisema hawakujua, ni watu wa joto.

Barbery ana furaha, ana jani la koka sikioni, anadhani linavaliwa hivyo. Kaniita ofisini, kaniketisha, kaniita "profesa." Kisha akanionyesha zawadi yake.

Bango. Urefu wa mlango. Uso wangu, helmeti ya ganda la yai, na maandishi: DON GUMERCINDO, MCHIMBA MGODI. MIAKA 11 CHINI YA ARDHI.

Si "mgodini." Chini ya ardhi. Alibadilisha mwenyewe, kasema inavuta zaidi.

Limebandikwa getini. Na Jumapili, anasema, atawaalika wachimbaji wastaafu wa ule mgodi wetu wa zamani. Redio itakuwepo. Nami nitakaa kigari cha kwanza na mkubwa wao, "mpige soga za huko chini." Baada ya hapo anasaini mkataba wa Nilda. Mbele ya redio!

Nimemshukuru sana.


Jumamosi, 15 Agosti

Sijala.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hakuna bango. Nilishuka mara moja. Mara moja na nusu, nikihesabu ile ya kurudi mbio. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, walinituma na kikapu cha mkate, taa ikazimika. Lile giza halikuwa la kufumba macho. Lilikuwa linanigusa usoni. Nilipiga kelele, nikataja majina ya watakatifu wote, na huko chini, kwa Mjomba, hayatajwi. Walinitoa. Waliocheka walikuwa wachache, wengine walinipa maji. Toka siku hiyo, kaunta.

Nilikwenda kwa Nilda jioni kumwambia. Nimefika, anashona kitufe kwenye sare yake ya kesho. Nikasema, "Nilda, kuhusu ile miaka..." Akasema, "Anko, leo jirani kaniuliza kama Don Gumercindo wa bango ni ndugu yangu. Nimemwambia ndiye aliyenilea." Akakata uzi kwa meno. "Ulitaka kusema nini?"

Nikamwambia sare imempendeza.

Labda kesho nitaumwa. Mgongo. Mgongo hauna anayeupima.


Jumapili, 16 Agosti

Naandikia ndani ya kigari. Tumekwama.

Nilikuja na mgongo wangu tayari, nimeinama vizuri kabisa, lakini Nilda alinipokea getini, akanishika mkono mbele ya watu. Basi mgongo ukanyooka wenyewe. Wastaafu walikuwa tisa, suti zao za Jumapili, vifua vinapiga filimbi. Mkubwa wao ni Don Zenobio Colque. Alikuwa wa drili, miaka thelathini. Nilimjua mara moja — yale masikio! Aliposhuka kwenye basi alisimama mbele ya bango langu muda mrefu. Akasoma pole pole, kidole hewani. Kisha akanitazama mimi. Kisha bango tena. Akanipa mkono, akanipa na koka kiganjani.

Tukapanda. Yeye na mimi mbele. Nyuma yetu Barbery na dada mmoja wa redio na mashine yake ya kurekodi. Vigari vingine nyuma, vimejaa. Kona ya kwanza, kona ya pili, popo wa mpira — tap! Umeme umekatika. Sauti ya Nilda ikaja kwa kipaza cha betri: "Ndugu wageni, tulieni, dakika chache tu, mafundi wanakuja." Anajikaza, lakini naijua sauti yake.

Giza. Lile lile! La simenti na waya, nalijua, nimelipiga konzi mwenyewe, na bado ni lile lile. Nimewasha kitaa cha helmeti, nimetoa daftari. Nikiandika mikono haitetemeki. Dada wa redio anadhani naandika ripoti, amemwambia Barbery kwa sauti ndogo, "Ona utulivu huo."

Dakika kumi. Nyuma mtoto ameanza kulia. Mama anauliza kama hewa itatosha. Barbery kanishika bega, vidole vyake barafu: "Profesa, sema nao kitu. Wewe ndiye unayejua. Mlikuwa mnafanyaje?"

Nimefungua mdomo. Mimi! Ambaye sijawahi kukosa neno toka nizaliwe. Halikuja hata moja.

Don Zenobio akakohoa. Akageuka nyuma, akasema bila haraka, kama anayeagiza chai: "Zimeni taa nyinginezo, tubakize moja. Kaeni karibu. Atakayetaka kuimba aimbe, asipige mluzi. Mtoto apewe kitu cha kutafuna." Wakafanya. Mtoto kanyamaza. Hewa ipo. Taa iliyobaki ni yake, yangu nayo nimezima, naandika kwa mwanga wa pembeni.

Akaniinamia sikioni. Harufu ya koka. "Mikate minane," ananong'ona. "Kila alfajiri, pale kaunta. Na wa tisa, ulioungua, ulikuwa unanifungia bure bila kusema."

Nikanong'ona, "Don Zenobio, mtoto wa dada yangu..."

"Nimemwona. Ana pua ya Emiliana."

Sijui anataka nini. Hatabasamu. Anahamisha koka toka shavu la kulia kwenda la kushoto, anafikiri.

Dada wa redio kajipenyeza kati yetu. Mashine yake ina kitaa chekundu, inazunguka. Anauliza, sauti ya redio kabisa: "Don Zenobio, mwambie msikilizaji wetu. Mlifanya kazi pamoja na Don Gumercindo?"

Naye kajibu: "Huyu? Huyu nilimwona kila siku ya Mungu kabla sijashuka."

Barbery kapiga makofi. Nyuma wamepiga makofi. Mlima huu unavumisha sauti kama debe; Nilda kule mlangoni anasikia yote, najua.

"Na huko chini, Don Zenobio?" anauliza dada wa redio. "Alikuwaje huko chini?"

Mzee anageuza kichwa, pole pole, na taa inageuka naye, inapita kwenye ukuta, kwenye reli, kwenye magoti yangu. Sasa iko usoni mwangu. Jibu kaniachia mimi. Watu wote wananitazama. Sioni tena mstari ninaoandi—