Ua Moja Yenye Kufungwa

Odile, weye uko ku simu? Mi nimejifunga mu chumba kwa Mama Kabemba, mama ya Gradi.

Ile shali nilifuma mi mwenyewe, mauve na mweupe, sawa maua yenye kutoka mbele ya mvula, njo nilimuletea leo, zawadi ya mukwe mbele ya ndoa yangu na Gradi. Akaifungula. Akaigusa ku pembeni. «Nani alikufundisha kutricoter hivi?»

Mi bila kufikiri: «Ni Kaku, mama ya mama yangu.»

Unajua namna ya Kaku. Maua yote inafunguka, moja tu ku pembeni anaiacha yenye kufungwa. Anasemaka: «Ile njo mimi.» Hakuna muntu mwengine anafanyaka vile, ni mi tu alinifundisha!

Odile, Mama Kabemba akaenda ku armoire ya manguo, akatosha shali ingine. Ya zamani, lakini mauve na mweupe. Na ku pembeni, ua moja yenye kufungwa.

Anasema: «Hii tuliikuta humu mu nyumba. Wakati tuliingia, mu 1993, benye nyumba balikuwa bamekwenda.»

Bamekwenda! Alisema bamekwenda!! Balimufukuza Kaku huku Katanga, sawa Bakasai bengine mu ile mwaka, juu ni Mukasai, muntu ya Kasai, akakamata batoto tu, akalala inje ku gare, kungojea treni ya Kasai. Na nyumba yake ni hii. Ni hii, Odile.

Gradi hajui kitu, eko anacheka ku salon. Na Mama Kabemba anapiga ku mulango, polepole, na upendo yote: «Tshiela, kuya kula, mwanangu. Usiogope, sasa uko kwenu.»