Haidhuru Yako, Haifa

Mwaka umetimia sasa, Haifa, tangu ulipotangulia mbele ya haki, na mama yako bado anapika wali wa watu wanne.

Ulikuwa mpole, mwanetu. Ukijibu simu pale kwa daktari wa meno, aliyepiga kwa hasira alikata akicheka. Mchana ulimpigia mama yako kumuuliza kama amekula, na wewe mwenyewe hujala. Mtu akikukosea ulisema, "Haidhuru," yakaisha.

Ulipoletewa mbwa wa kukusaidia kwa ajili ya kifafa, sote hapa Kilburn, Landani, tulishtuka. Ukamwita Bizari, kwa rangi yake. Akalala jikoni, chumba cha kusalia tukakifunga mlango, tukazoea. Ami yako Mansour alikutania, "Leo na wewe una mbwa, kama bibi wa Kizungu!" Ukamjibu, "Ami, huyu daktari wangu, tena hana foleni."

Na kweli. Kifafa kikikaribia, Bizari alikuwekea mguu gotini, nawe ukakaa chini papo hapo, hata steshenini mbele za watu. Hukuanguka tena. Mama yako akaanza kupata usingizi.

Lakini watu walikukataa. Teksi ikiona mbwa inaondoka. "Haidhuru, mama, itakuja nyingine."

Siku ile ulikwenda na mdogo wako Zahra kununua kitambaa cha Idi. Mwenye duka, wala si mtu mbaya, akasema, "Binti, mbwa wa kuliwaza watu ni wa hospitali. Huyo abaki nje."

Zahra akakwambia, "Dada, twende zetu. Ni haki yako kuingia naye."

"Haidhuru. Nishikie, sichelewi."

Ukaingia, ukashuka peke yako ngazi za kwenda chini kwenye vitambaa. Nje Bizari akawa analia, anakwaruza mlango kwa mguu. Zahra akadhani anakutaka tu. Aliyetakiwa kuambiwa akae chini alikuwa ndani, ngazini, na hapo ndipo ulipoanguka, usiinuke tena. Zahra bado anajilaumu, na mama yako anamwambia kila siku: si kosa lako, mwanangu.

Mama yako aliishia darasa la saba. Sheria ya hapa alisomewa baada ya maziko, na sasa anawaambia wazazi wenziwe wasije wakachelewa kama yeye. Mbwa wa kuliwaza wagonjwa huingia akikaribishwa. Mbwa anayemsaidia mlemavu, sheria iko naye: dukani, mkahawani, hata asipovaa koti la kumtambulisha. Na dereva wa teksi hana ruhusa ya kumkataa wala kuongeza nauli, isipokuwa awe na cheti cha kusamehewa kwa ugonjwa. Wenye maduka, msimwambie mtu amwache nje. Na nyinyi watoto wapole, tunawaombeni, msikubali.

Bizari amepewa kijana mwingine. Siku waliyokuja kumchukua alimwekea mama yako mguu gotini. Mama yako hana kifafa, lakini alikaa chini, pale pale sakafuni, akangoja.

Unakumbukwa na baba yako Msabaha, mama yako Kijakazi, mdogo wako Zahra, ami yako Mansour, na jamaa wote wa Landani na Unguja.

Hatutakusahau daima, mwanetu. Safari hii imedhuru.